Wazimamoto Wangapi Wanatosha? Daftari la Kujitolea na Saa Nane Mchana

Nchini Marekani, takribani theluthi mbili ya wazimamoto ni watu wa kujitolea: walimu, mafundi magari, wakulima, ambao mwito ukilia huacha shughuli zao na kukimbilia kituoni. Bodi za vikosi vyao zinapojadili idadi ya watu inayohitajika, aghalabu huanza kwa kufungua daftari la wanachama. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. La kupimwa ni wangapi watafika saa nane mchana siku ya Jumanne, wakati wengi wao wako kazini mji wa jirani.

Kiwango cha NFPA 1720 cha shirika la Marekani la kinga ya moto, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001 kwa vikosi vinavyotegemea zaidi kujitolea, hupima wanaofika. Eneo la mashambani, lenye watu chini ya 500 kwa maili ya mraba, linatakiwa kufikiwa na wazimamoto 6 ndani ya dakika 14, katika asilimia 80 ya matukio. Mjini, penye zaidi ya watu 1,000 kwa maili ya mraba, ni 15 ndani ya dakika 9, kwa asilimia 90.

Kwa nini 6? Chukua nyumba moja ya mbao inayowaka. Mmoja habanduki kwenye pampu, maana presha ikishuka walio ndani wamekwisha. Mwingine anaongoza: anazunguka nyumba, anauliza kama kuna mtu ndani, anausoma moshi. Wawili wanaingia na mpira, mitungi ya hewa mgongoni. Wawili wengine wanasimama nje wakiwa wamevaa kila kitu, tayari kuwatoa wenzao. Wa kusimamisha ngazi hayupo. Hao sita ni kima cha chini, wala hapana anasa yoyote ndani yake.

Sasa tuseme uwezekano wa kila mwanachama kuitikia mwito wa mchana ni robo. Wanachama 24 watatoa wastani wa watu 6, na bodi itaridhika. Lakini uwezekano wa kuwapata 6 au zaidi ni kama asilimia 58 tu. Ili kuvuka asilimia 80 wanatakiwa wanachama 31. Na hesabu hiyo ni ya kujipendelea, kwani inachukulia kwamba kila mtu hukosekana kwa sababu zake mwenyewe. Kumi wakiajiriwa na kiwanda kimoja, siku ya kazi hukosekana wote kwa pamoja.

Basi kwa nini wasiandikishwe 60? Kila jina lina koti lake, kofia, buti, bima na saa za mafunzo. Zaidi ya hayo, kikosi kinachokutana na moto wa nyumba mara chache kwa mwaka hakina uzoefu wa kutosha kuwagawia watu wote hao. Wengi watabaki wageni wa moto. Jambo hili halikuanza leo: Union Fire Company, iliyoanzishwa na Benjamin Franklin na wenzake huko Philadelphia mwaka 1736, ilijiwekea ukomo wa wanachama, na waliozidi wakashauriwa waunde kikosi chao.

Kwa maoni yangu, bodi ijaze saa kabla ya kujaza daftari. Wawili wanaolipwa kwa zamu ya mchana huondoa pengo ambalo majina kumi mapya ya watu wanaopatikana usiku tu hayaligusi. Kikosi jirani nacho kiitwe dakika ileile ya mwito, si baada ya gari la kwanza kufika na kukuta paa limeshika. Watetezi wa bajeti husema msaada wa jirani unatosha peke yake. Hawaulizi jirani ana watu wangapi saa hiyohiyo. Watu wake nao wako kazini, pengine kiwanda kilekile.

Takwimu za kuamulia zimo tayari kituoni. Kumbukumbu za mwaka uliopita zipangwe kwa saa, siyo kwa mwezi, na mbele ya kila mwito iandikwe idadi ya waliofika wakiwa na sifa ya kuingia ndani. Dereva asiyevaa mtungi ahesabiwe kwenye safu yake.