Picha ya Chapa na Nakala Yake

Angie Lewin, msanii wa Uingereza, huchota maumbo yake kwenye mimea ya pwani ya Norfolk na ya nyanda za juu za Uskoti: maua yaliyokauka, vikonyo vyenye mbegu, majani ya mwituni. Umbo likishachongwa kwenye ubao au kwenye lino, hupigwa kwenye karatasi, na kila karatasi ikatiwa namba na sahihi. Michoro yake hutokea pia kwenye kadi, vitambaa na karatasi za kubandika ukutani; kwa vitambaa hivyo yeye na mumewe, Simon, walianzisha kampuni ya St Jude's. Kiingereza kina neno moja la kuvitaja vyote hivyo: print. Karatasi yenye sahihi ni print, bango la kiwandani ni print, na maua ya kwenye pazia ni print. Anayeandika habari hizi kwa Kiswahili hana budi kutenganisha, na utenganisho huo ndio uti wa mgongo wa biashara yenyewe.

Tuanze na kazi. Lino ni zulia gumu la sakafuni, uvumbuzi wa Mwingereza Frederick Walton aliyeuwekea hataza mwaka 1863. Hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, utomvu, na unga wa gome lile linalotoa vizibo vya chupa, vikashikizwa kwenye kitambaa kigumu. Wasanii waliipenda kwa sababu haina nyuzi kama mbao, hivyo patasi hugeuka upande wowote bila kukwama. Kinachochongwa na kuondolewa kitabaki cheupe. Kinachoachwa ndicho kitakachoshika wino. Ndege anayetazama kulia kwenye lino atatazama kushoto kwenye karatasi, kwa hiyo mchongaji hufikiri kinyume tangu mstari wa kwanza.

Kisha wino mzito hutandazwa kwenye kioo kwa rola. Ukiwa umekolea sawasawa, rola hutoa sauti nyembamba ya kunata, na mchapaji huisikiliza sauti hiyo kuliko anavyoutazama wino. Wino ukizidi, mistari miembamba ya mbawa huzibika. Ukipungua, vidoa vyeupe hujitokeza penye weusi. Rola ikishapaka wino kwenye lino, karatasi hulazwa juu, ikakandamizwa kwa mashine au ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko cha mbao, halafu ikainuliwa taratibu kuanzia pembeni. Lino hupakwa wino upya kwa kila karatasi. Ndiyo maana karatasi mbili za kazi moja huwa ndugu, lakini hazilingani nukta kwa nukta.

Hapo ndipo neno nakala linaposhindwa. Asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna wazo la kuhamisha: kuna cheti, kisha kuna nakala ya cheti. Lakini karatasi zilizopigwa kwa lino moja, tuseme hamsini, hazikunakiliwa kutoka kwenye karatasi nyingine. Lino nayo si picha, kwani imegeuzwa. Picha huzaliwa pale karatasi inapoinuliwa, na huzaliwa mara hamsini.

Neno tunalolihitaji tunalo tayari: chapa. Lilitufikia kutoka India, nchi yenye ufundi wa kale wa kupiga vitambaa chapa kwa vibao vilivyochongwa. Tunalitumia kwa alama ya moto kwenye ngozi ya ng'ombe, kwa vitabu, kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, na siku hizi kwa jina la biashara. Matumizi yote yanarudi kwenye wazo moja, la kitu kigumu kukandamizwa mahali na kuacha alama yake. Tatizo ni kwamba chapa peke yake imebeba mengi mno. Kwa hiyo napendekeza picha ya chapa, kwa mfano wa picha ya penseli na picha ya rangi ya mafuta. Aina zake zitafuata bila taabu: chapa ya lino, chapa ya ubao, chapa ya jiwe.

Nimeyaacha kwa makusudi maneno chapa asilia na chapa halisi. Asilia humpeleka msomaji kwenye ngoma na dawa za jadi. Halisi humfanya adhani kwamba kadi ya dukani ni bandia, na kadi haijamdanganya mtu.

Neno la pili ni toleo. Kitabu kina toleo la kwanza, la pili na la tatu, na kadiri yanavyoongezeka ndivyo mwandishi anavyofurahi. Toleo la picha ya chapa hufungwa. Mkutano wa kimataifa wa wasanii uliofanyika Vienna mwaka 1960 ulieleza kwamba ni haki ya msanii mwenyewe kuamua idadi, kwamba kila karatasi iwe na sahihi na namba, na kwamba hesabu ikitimia bamba la kuchapia liharibiwe au litiwe alama. Ndiyo sababu chini ya picha utaona penseli imeandika 7/50: karatasi ya saba katika hamsini. Sarufi imeshatupa maneno ya hali hizi mbili, na kila mwanafunzi wa sekondari anayajua kutokana na mofimu. Tuseme toleo funge kwa lile lenye kikomo, na toleo huru kwa lile linaloendelea kuchapwa maadamu wanunuzi wapo.

Kuna ufundi ambao hulifunga toleo wenyewe. Lino moja huchongwa kidogo, ikapigwa rangi nyepesi kwenye karatasi zote. Huchongwa tena, ikapigwa rangi inayofuata. Hivyo hivyo hadi rangi nzito ya mwisho. Wakati huo lino ya mwanzo imekwisha, na hata msanii akitaka karatasi moja zaidi hawezi kuipata.

Forodha nayo inatambua tofauti ya picha ya chapa na kazi ya mashine. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaofuatwa pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki, picha za chapa zilizotokana na bamba la mkono wa msanii zina kifungu chao, 97.02, na maelezo yake yanaziondoa kazi za mitambo na za kupiga picha. Kadi za salamu ziko mbali, kwenye 49.09.

Kazi za mashine nazo zimetafutiwa jina. Mwaka 1991, huko Marekani, Jack Duganne alibuni jina la Kifaransa, giclée, kwa picha zinazotolewa na printa ya kunyunyiza wino. Jina ni zuri masikioni, ila mnunuzi halimwelezi kitu. Kwa Kiswahili tuseme nakala ya picha ya chapa. Tuliseme bila kuona haya, maana kadi, kikombe na kitambaa cha kufutia vyombo ndivyo vinavyomlipia mchapaji wa kujitegemea kodi ya chumba miezi ambayo karatasi zenye sahihi hazitoki. Tena humfikishia ua lile lile mtu asiye na uwezo wa kununua karatasi yenye namba.

Basi msanii wa Nairobi au Zanzibar anayechonga mikoko na korongo aandike kwenye kibandiko cha karatasi yenye sahihi: picha ya chapa ya lino, toleo funge la 50. Kwenye kadi aandike: nakala ya picha ya chapa ya lino. Mteja akiuliza kwa nini bei zimeachana hivyo, muuzaji ataanzia kwenye maneno hayo, na mteja ataamua akijua analipia nini. Msanii naye, akishaandika toleo funge, amejifunga kwa ahadi ambayo yeyote anayesoma Kiswahili anaweza kumdai.