Somo la Ufundi: Kibao Kilichotoka Cambridge

Juma lililopita tulikuacha na kigari chako cha magurudumu mawili, kizima cha mwili lakini hakina akili. Leo tutakitia kompyuta ya kibao kimoja, ile iitwayo Raspberry Pi. Kwanza sikiliza asili yake, maana asili hiyo ndiyo iliyofanya bei yake iwe nafuu.

Mwaka 1981 shirika la BBC la Uingereza, katika kuwafundisha watu mambo ya kompyuta kwa televisheni (elimu ya hewani kama hii yetu), lilitaka kompyuta ya kwenda pamoja na vipindi. Kazi ikapewa kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge, na mashine ikaitwa BBC Micro. Ulipoiwasha ilikuonyesha alama ndogo tu, ikingoja amri. Ukitaka ifanye neno lo lote, ilikubidi uipe amri au programu. Ilikuwa pia na tundu la kuunganishia vyombo vya nje, hata watoto wa shule wakaendesha vigari kwa hiyo.

Acorn hao hao, kwa akili za Sophie Wilson na Steve Furber, wakabuni chipu ya ARM, iliyofanya kazi mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985. Walipopima umeme inaoula, mita ilionyesha sifuri! Kumbe waya wa kuilisha haukuwa umeungwa. Chipu ilikuwa ikiishi kwa umeme mchache uliopenya katika waya za ishara. Chipu za ukoo huo ndizo zilizomo katika kibao chako.

Baadaye kompyuta za nyumbani zilikuja na programu tayari, tena zilikuwa ghali. Ni mzazi gani angemruhusu mtoto aifungue ile ya familia? Huko Cambridge, Eben Upton na wenzake waliona waombaji wa masomo ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawajui kuandika programu kama waliowatangulia. Mwaka 2006 Upton alianza kuunga vibao vya majaribio, na tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ikauzwa kwa dola 35. Kundi la kwanza lilikuwa vibao 10,000 tu, na havikutosha hata kidogo. Kwa maoni yangu bei ndiyo iliyokuwa ugunduzi wenyewe: chombo ambacho mtoto akikiunguza, nyumba haitikisiki.

Hata hivyo, wewe usikiunguze. Kibao hakina diski. Mfumo wake hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Andika mfumo huo kwenye kadi kwa kompyuta nyingine, ichomeke, kisha ukipe kibao umeme wa volti 5.

Sasa tazama zile pini. Ishara zake ni za volti 3.3. Ukizipelekea volti 5, chipu yaweza kufa, na hakuna fuse ya kubadilisha. Wala usiunge mota moja kwa moja kwenye pini: pini hutoa miliampea chache, mota hutaka mamia. Weka katikati chipu ya kuendeshea mota, mathalani L293D, ipitishayo miliampea 600 kwa kila mota, na mota zipate betri yake mbali.

Hapa ndipo wengi hukwama. Waya hasi wa betri ya mota lazima uungwe na waya hasi wa kibao. Volti 3.3 hupimwa kutoka mahali fulani. Vyombo viwili visipokuwa na sifuri moja, amri yako haina maana upande wa pili, na gurudumu litasimama au litacheza-cheza ovyo.

Ukimaliza, kiamuru kibao kizimike kabla ya kuchomoa umeme, ili maandishi ya kadi yasiharibike. Juma lijalo tutaandika programu ya kukipeleka kigari mbele hatua moja. Uwe na kalamu.