Mikono Ibebayo Usugu: Bakteria Wasiosikia Dawa Katika Wodi za Hospitali

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji, mshono umefungwa vema, na ndugu wameanza kumshukuru Mungu. Siku ya tano mshono unavimba, usaha unatoka, homa inapanda. Anapewa dawa, haisaidii. Anabadilishiwa nyingine, nayo haisaidii. Mara nyingi katika hali kama hiyo, aliyejificha kidondani ni bakteria aitwaye stafilokoki, ambaye amepata uwezo wa kuzishinda dawa zilizotengenezwa ili kumwangamiza. Makala hii inaeleza bakteria huyo ni nani, usugu wake umetoka wapi, kwa nini hustawi hospitalini, na ni kwa njia gani amewahi kudhibitiwa.

Bakteria huyu ni nani?

Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa mji wa Aberdeen, Uskoti, alimtambua katika usaha wa majipu mwanzoni mwa miaka ya 1880. Jina alilompa limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kichala cha zabibu, kwa kuwa chini ya hadubini bakteria hawa huonekana wamesongamana kama zabibu. Mwaka 1884 Mjerumani Friedrich Rosenbach aliitenga aina yenye rangi ya dhahabu, na hiyo ndiyo inayotuhusu hapa.

Stafilokoki si mgeni kwetu. Takriban watu watatu kati ya kumi humbeba puani bila kuugua, kwa sababu ngozi nzima ni ukuta unaomzuia. Ukuta huo ukitobolewa na kisu cha upasuaji, sindano ya dripu, mpira wa mkojo au jeraha la moto, hupata mlango. Hapo huweza kuleta majipu, kuozesha mshono, kushambulia mapafu na mifupa, au kuingia katika damu na kuhatarisha uhai.

Usugu ulivyozaliwa

Ni bakteria huyuhuyu aliyekuwa katika sahani ya maabara ya Alexander Fleming, katika hospitali ya St Mary's, London, mwaka 1928, pale ukungu ulipoangukia sahani hiyo na kuwaua bakteria waliouzunguka. Kutokana na ukungu huo ikapatikana penisilini. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba anayetumia dawa hiyo kwa kiasi kisichotosha huwafunza vimelea kuistahimili. Onyo hilo halikuchelewa kutimia. Kufikia mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, zaidi ya nusu ya stafilokoki waliochunguzwa walikuwa sugu kwa penisilini, kwa kuwa walitoa kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijafanya kazi.

Hapa yafaa kusahihisha kauli tuisikiayo mara nyingi, kwamba “mwili umezoea dawa.” Mwili hauzoei. Kati ya mamilioni ya bakteria, wachache huwa na uwezo wa kustahimili. Dawa huwaua walio dhaifu, na wale wachache hubaki na nafasi yote ya kuzaliana. Zaidi ya hayo, bakteria huweza kupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao. Kwa hiyo anayetumia dawa vibaya hajidhuru peke yake: huandaa bakteria ambao kesho watamdhuru jirani yake.

Mwaka 1959 ilitengenezwa methisilini, dawa ambayo kimeng'enya kile hakikuweza kuivunja. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1961, mtafiti Patricia Jevons alitangaza kwamba wamepatikana Uingereza stafilokoki wanaoishinda hata hiyo. Hao ndio wanaojulikana duniani kwa kifupisho MRSA. Mbinu yao ni tofauti. Hawaivunji dawa, bali wanabadilisha sehemu ambayo dawa huishika, kama mwenye nyumba anayebadilisha kitasa ili ufunguo wa zamani usiingie. Kwa sababu hiyo hawashindi dawa moja tu, bali karibu ukoo mzima wa penisilini, na pamoja nao seftriaksoni inayotumika sana katika hospitali zetu. Vankomisini imebaki kuwa tegemeo kubwa kwa wagonjwa mahututi, lakini hutolewa kwa njia ya mshipa na huhitaji uangalizi wa figo. Nayo si ngome isiyobomolewa: mwaka 2002, katika jimbo la Michigan, Marekani, alipatikana mgonjwa mwenye stafilokoki sugu kabisa kwa vankomisini, ingawa wagonjwa wa namna hiyo wameendelea kuwa wachache sana.

Kwa nini hospitalini?

Mambo matatu hukutana wodini. La kwanza, wagonjwa wengi wana majeraha na mirija, yaani ngozi yao imekwisha kufunguliwa. La pili, antibiotiki hutumika kwa wingi, hivyo bakteria dhaifu hufa na walio sugu hubaki. La tatu ni mikono. Stafilokoki hana miguu wala mabawa. Huweza kukaa siku nyingi kwenye chuma cha kitanda, shuka au kifaa cha daktari, akingoja mkono wa kumhamisha.

Mwaka 1847, kabla viini vya magonjwa havijafahamika vizuri, daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwaagiza madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Wenzake wengi walikataa kusadiki kwamba mikono ya mganga inaweza kuleta kifo.

Fundisho kutoka Uingereza

Katika mwaka wa 2003–04, hospitali za Uingereza ziliandikisha zaidi ya wagonjwa 7,000 ambao MRSA alikuwa ameingia katika damu yao. Serikali ikaagiza idadi hiyo ipunguzwe kwa nusu. Vitakasa mikono viliwekwa karibu na kila kitanda, mirija ikatunzwa kwa kanuni kali na kuondolewa mapema, wagonjwa waliosubiri upasuaji wakapimwa kabla ya kulazwa, na takwimu za kila hospitali zikatangazwa hadharani. Katika mwaka wa 2008–09 wagonjwa hao walikuwa chini ya 3,000, na mwaka wa 2012–13 chini ya 1,000. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya uzito wa kila hatua, lakini kushuka huko hakukungoja dawa mpya. Kulitokana hasa na nidhamu ya mambo madogo yaliyorudiwa kila siku.

Hali ya kwetu

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na MRSA peke yake alisababisha zaidi ya vifo 100,000 kati ya hivyo. Afrika kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mzito kuliko maeneo mengine. Tanzania na Kenya zilizindua mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu huo mwaka 2017. Hata hivyo, zipo wodi ambazo bomba halitoi maji, na hospitali zisizo na maabara ya kuotesha vimelea, hivyo daktari hulazimika kukisia dawa. Tena, wapo wanaonunua antibiotiki dukani bila cheti, nusu dozi, kwa mafua ambayo dawa hizo haziyatibu kamwe.

Wajibu wetu

Nakiri kosa langu. Miaka ya mwanzo ya upadre nilipita kitanda hadi kitanda nikitoa Mpako Mtakatifu, nikigusa paji la uso na mikono ya kila mgonjwa kwa kidole gumba kilekile, mpaka muuguzi mmoja akanisimamisha kwa upole na kunielekeza penye sabuni. Alikuwa na haki. Kanuni ya 1000 ya Sheria za Kanisa inataka mhudumu apake kwa mkono wake mwenyewe, lakini inaruhusu kutumia kifaa kukiwa na sababu nzito. Mikono iliyotakaswa kabla na baada ya kila mgonjwa, au kipande cha pamba kinachotupwa baada ya matumizi, haipunguzi neema ya sakramenti.

Nanyi ndugu wa Jumuiya mnaokwenda kuwatazama wagonjwa, nendeni, kwa maana upweke nao ni ugonjwa. Lakini naweni mikono mnapoingia na mnapotoka. Msikae juu ya kitanda cha mgonjwa, wala msiguse bandeji na mirija yake. Mwenye jipu au kidonda kinachotoa usaha asubiri apone. Antibiotiki zitumike kwa agizo la mganga tu, na kwa kadiri alivyoagiza. Na iwapo wodini hamna maji wala sabuni, tuwaulize viongozi wa hospitali kwa heshima, na tuchangie tunapoweza: ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni karibu na mlango huokoa uhai.