Mugonjwa akihamishwa hospitali ingine, ugonjwa usimufuate

Hapa Kisangani, mugonjwa anaanzia ku kituo cha afya cha mutaani. Hali ikizidi, anatumwa hospitali kuu ya Makiso, Kabondo ao Lubunga, na wakati mwingine anaishia Cliniques universitaires. Wengine wanatoka mbali, Banalia, Isangi, Opala ao Ubundu, kwa pikipiki ao kwa mutumbwi. Mutu wa Lubunga akitumwa ng'ambo ya pili, anavuka kwanza muto Congo, maana daraja hakuna. Utaratibu huu unaokoa maisha. Lakini njia ile ile inaweza kubeba ugonjwa.

Namna gani?

Vijidudu vinasafiri na mugonjwa: katika damu, matapishi, choo, kidonda cha upasuaji, hata ku ngozi ya mutu asiye na dalili yoyote. Vingine vimekwisha kuzoea antibiotiki. Mugonjwa akifika hospitali ya pili bila maelezo, vinapata kitanda kipya, mikono mipya na vyombo vipya.

Yambuku, 1976

Ebola ilipotokea Yambuku, kaskazini mwa inchi, ilikuwa bado haina jina. Ku hospitali ya misioni walikuwa wakitoa sindano tano tu kila asubuhi, zikitumiwa kwa watu wengi. Wafanyakazi 11 kati ya 17 walikufa. Katika mwezi wa tisa, sista mugonjwa alipelekwa Kinshasa, kliniki ya Ngaliema, ili atunzwe vizuri. Muuguzi mumoja aliyemutunza, Mayinga N'Seka, aliambukizwa naye akafariki. Lakini wagonjwa walipotengwa na watu waliowagusa wakafuatiliwa, ugonjwa haukuenea katika muji ule mukubwa. Kwa jumla watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Likati, 2017

Jirani zetu wa Bas-Uélé wanakumbuka. Tarehe 22 mwezi wa ine, mwanaume mumoja alibebwa kwa pikipiki kwenda kituo cha afya. Alifika amekwisha kufa. Mwenye pikipiki aliyemubeba alikufa pia, na mutu aliyemutunza njiani akaugua. Ebola hiyo ilizimwa tarehe 2 mwezi wa saba, baada ya wagonjwa 8 na vifo 4.

Yambuku na Likati zinatuonyesha jambo moja: kuhamisha mugonjwa si kosa. Hatari ni kumuhamisha kimya-kimya, wakati anayemubeba na anayemupokea hawajui wanashika nini.

Nini kifanyike?

Hospitali inayotuma: ipige simu mbele mugonjwa hajaondoka. Karatasi ya transferi iseme dalili, siku zilipoanza, dawa alizopewa, vipimo, na kama kuna wasiwasi wa maambukizi. Kama kuna wasiwasi wa Ebola, mugonjwa asipakiwe ku pikipiki. Ajulishwe kwanza muganga mukuu wa eneo la afya.

Anayebeba: avae glavu, asiguse damu wala matapishi. Kisha kazi, chombo kisafishwe kwa maji ya klori, mikono kwa sabuni.

Hospitali inayopokea: iulize mulangoni, “Mugonjwa alipita wapi?” Mwenye homa na kutoka damu, ao kuhara sana, ao vipele, awekwe pembeni mpaka apimwe, asichanganywe na wengine.

Jamaa: museme kweli. Watu wengi wanaficha kwamba mugonjwa alipita kwanza kwa muganga wa kienyeji, chumba cha maombi ao hospitali ingine, kwa kuogopa kugombezwa. Kuficha huko kunaweza kumupoteza muuguzi, mugonjwa wa kitanda cha pili, na ninyi wenyewe. Dalili za Ebola zinaweza kuonekana kati ya siku 2 na 21 kisha kuambukizwa. Kwa hiyo wauguzi wakiandika majina ya waliomugusa mugonjwa, hawatafuti wa kufunga. Wanataka kuwahi kabla ugonjwa haujafika nyumba ingine.

Kwa hiyo, ndugu musikilizaji, ukipewa karatasi ya transferi, usiiache nyumbani wala usiikunje mufukoni. Imukabizi muuguzi wa kwanza utakayemukuta.