Kipimo Hufuata Umri: Tathmini ya Lishe Katikati ya Dar es Salaam

Uzito peke yake hautoshi kueleza hali ya lishe ya mtu, na kasoro hiyo hujitokeza hasa katika maeneo kama Kariakoo, ambako chakula hakikosekani mtaani. Mtoto wa miaka 3 anayeshibishwa chipsi na soda anaweza kuwa na uzito unaolingana na urefu wake, ilhali urefu wenyewe uko chini ya unaotarajiwa kwa umri wake. Huo ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5. Mizani haiwezi kuuona. Ndiyo maana ubao wa urefu haupaswi kurukwa, hata foleni ya kliniki ikiwa ndefu.

Kipimo chenyewe kinadai uangalifu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hulazwa, kichwa kikigusa ubao na magoti yakinyooshwa. Aliyetimiza husimama, na akisimama huonekana mfupi kwa takriban sentimita 0.7. Mkono hupimwa katikati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kipimo hiki kina historia ya Afrika Mashariki: daktari wa watoto Derrick Jelliffe, aliyefundisha Makerere, alikieneza miaka ya 1960. Kisha muuguzi hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, mtoto ana utapiamlo mkali hata kama mizani inaridhisha, kwa kuwa maji yaliyojaa mwilini nayo yana uzito.

Kuanzia miaka 5 hadi 19, uwiano wa uzito na urefu (BMI) husomwa kwa kufuata umri na jinsia. Kwa mjamzito uwiano huo hupotosha, hivyo hutegemewa mzingo wa mkono, mwendo wa uzito na wingi wa damu. Hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita kwa kawaida ni upungufu wa damu.

Kwa watu wazima, mipaka ya BMI ya 18.5, 25 na 30 inajulikana, lakini haipaswi kusomwa kikasuku. Mchukuzi wa mizigo sokoni anaweza kuvuka 25 kwa misuli, na muuza duka anayekaa kutwa akawa chini yake huku kiuno kimepanuka. Kwa wenye asili ya Asia, ambao ni wengi Kisutu na Upanga, hatari huanza kuangaliwa kwenye 23. Hapo swali la chakula lina uzito zaidi kuliko namba: jana, tangu asubuhi, alikula nini kwa mamalishe, na mboga ilikuwa kiasi gani?

Mzee aliyepinda mgongo hapimwi kwa kusimamishwa. Urefu wake hukadiriwa kutokana na kimo cha goti. Mzingo wa shavu la mguu ulio chini ya sentimita 31 huashiria kupungua kwa misuli. Muuguzi huangalia pia meno, na kuuliza kama nguo zimeanza kumpwaya.