Intavyu ya Visa Imekaribia na Pasi Inaisha? Piga Hesabu Hii Kwanza

Uko Likoni, Kisauni ama Changamwe. Bibi au bwana ameshakuombea uhamie Marekani na faili inasonga. Unafungua pasi, kumbe imebakisha miezi ya kuhesabu. Urenew ama utoboe na hiyo hiyo? Usibahatishe msee, hii ni hesabu.

Hesabu siku ya kuingia, si ya intavyu

Marekani inataka pasi ambayo itakuwa hai angalau miezi 6 baada ya siku unayopanga kuingia kwao. Wengi huangalia tarehe ya intavyu pekee na hapo ndipo wanachapwa. Visa ya kuhamia nayo huwa hai hadi miezi 6, kulingana na medikali yako. Kwa hivyo weka miezi 6 ya kujipanga na safari, ongeza miezi 6 ya pasi. Jumla ni mwaka mmoja.

- Pasi ina zaidi ya mwaka siku ya intavyu: iache, hiyo iko sawa.
- Chini ya miezi 6: renew, hakuna stori.
- Kati ya miezi 6 na 12: kama bado hujapewa tarehe, renew sasa hivi. Kama intavyu ni wiki chache zijazo, nenda na uliyo nayo, lakini jua utasafiri chapchap. Mfano, pasi ikiisha 30 Novemba, inabidi uwe umeingia kabla Mei haijaisha.

Chunga mtego mmoja: pasi ya zamani isiyo na chipu. Kenya iliizima baada ya 30 Novemba 2022. Hata kama ndani imeandikwa 2027, hiyo imekufa.

Mbona usingoje dakika ya mwisho?

Kuomba ni rahisi: unajaza na kulipa kwa eCitizen, kisha unaenda ofisi ya uhamiaji kisiwani kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Wa Likoni atavuka na feri, wa Kisauni apitie Daraja la Nyali, wa Changamwe apitie Makupa. Lakini pasi yenyewe inachapishwa Nairobi, Nyayo House. Mwaka 2023 mashine za huko zilileta noma na pasi za maelfu ya Wakenya zikalala miezi. Hiyo ndiyo hatari unayopima.

Intavyu iko ubalozi wa Marekani, Gigiri, na bila pasi hupati visa. Afisa atakupa karatasi ya kusema nini kimekosekana, na faili inangoja. Medikali ikiisha muda ukingoja, unarudia na unatoa doh tena. Kwa wale wa Green Card lottery ni mbaya zaidi: mwaka wao wa visa unafungwa 30 Septemba, na nafasi haisongezwi mwaka unaofuata.

Ukisharenew, fanya hivi

1. Namba ya pasi imebadilika, na fomu yako ya DS-260 ina ile ya zamani. Faili ikiwa bado NVC, waandikie. Ikiwa imeshafika ubalozini, waambie ubalozi.
2. Beba pasi zote mbili siku ya intavyu.
3. Nenda medikali na pasi ile ile utakayoenda nayo intavyu.
4. Dada ambaye umeolewa na pasi bado ina jina la kwenu, si lazima ubadilishe jina. Beba cheti cha ndoa.
5. Lipa kwa eCitizen peke yake. Mtu akikuambia "nina mtu wangu ndani," shika njia. Ukimwachia pasi na pesa, unaweza kukosa zote mbili.

Na kama visa imeshabandikwa kwa pasi, usirenew kabla hujauliza ubalozi. Tiketi pia usikate mpaka visa iwe mkononi.

Kwa ufupi: renew mapema kabla tarehe haijatoka, ama uiache kabisa kama hesabu imekubali. Kinachoumiza watu ni kuanza kurenew wiki mbili kabla ya intavyu, halafu unafika Gigiri ukiwa na risiti peke yake.