Kasino laghai za mtandaoni: Jinsi ya kuzitambua kabla ya kutuma pesa

KAMARI haihitaji tena jumba lenye meza na walinzi mlangoni. Kwa mkulima wa miwa wa Awendo, mvuvi wa Mbita, mchimba dhahabu wa Macalder au mwendeshaji bodaboda mjini Oyugis, kasino imo ndani ya simu, na pesa huondoka kwa M-Pesa katika muda wa sekunde chache.

Urahisi huo ndio unaowapa matapeli mwanya. Tovuti inaweza kufunguliwa leo, ikapokea pesa za watu wengi, kisha ikatoweka kabla ya mwezi kwisha. Pesa zinazopotea aghalabu ni karo, malipo ya miwa au mtaji wa kununulia omena.

Tofauti kati ya kasino halali na ya kitapeli si kwamba katika ile ya kwanza mchezaji hashindwi. Hushindwa, tena mara nyingi. Tofauti ni kwamba akishinda, hulipwa. Kasino laghai humlipa kiasi kidogo mwanzoni ili kumvuta. Akiweka kikubwa, huanza visingizio.

Leseni ndiyo kipimo cha kwanza

Nchini Kenya, leseni za michezo ya kamari zilitolewa kwa miaka mingi na Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari (BCLB), chini ya sheria ya mwaka 1966. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mnamo Agosti mwaka huo, iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Kamari ili ichukue nafasi ya bodi hiyo.

Mdhibiti huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa. Anayeisoma asitosheke na jina la biashara pekee. Alinganishe pia jina la kampuni inayomiliki tovuti na anwani yenyewe, herufi kwa herufi, kwani matapeli huiga majina yanayojulikana kwa kubadilisha herufi moja au kuongeza tarakimu.

Wakazi wa Isebania na vijiji vya mpakani wana jambo jingine la kuzingatia. Upande wa Sirare, leseni hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania. Leseni hiyo haiipi kampuni ruhusa ya kuendesha kamari Kenya, wala hati kutoka Curaçao au Malta haiipi. Mchezaji akidhulumiwa na kampuni isiyo na leseni ya humu nchini, mdhibiti wa Kenya hana leseni ya kuifutia.

Orodha za tahadhari

Orodha za kampuni zisizofaa ni za aina tatu, na si vyema kuzichanganya.

Ya kwanza ni ya serikali. Mnamo Julai 2019, Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, na Safaricom ikaagizwa kufunga nambari zao za malipo. Hata hivyo, mzozo huo ulihusu hasa ushuru, si wizi wa pesa za wachezaji, na baadhi ya kampuni zilirejea baadaye. Kwa hiyo msomaji atazame tarehe ya orodha na sababu ya kampuni kutajwa.

Ya pili ni ya wadhibiti wa kigeni. Mamlaka ya Malta, kwa mfano, hutangaza anwani za tovuti zinazodai kwa uongo kwamba imezipa leseni.

Ya tatu ni ya wachezaji wenyewe. Casinomeister, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilijipatia jina kwa kuweka wazi kasino zinazowadhulumu wateja. Orodha za namna hii zina manufaa, lakini nyingine huendeshwa na watu wanaolipwa na kasino kwa kila mteja wanayemleta. Lalamiko moja si ushahidi. Malalamiko mengi yanayofanana, hasa kuhusu kucheleweshwa kwa malipo, ni ishara ya kukimbia.

Dalili za utapeli

Dalili kuu ni kumdai mshindi atume kwanza pesa za "ushuru" au "ada ya kufungua akaunti". Tangu Julai 2025, ushuru wa asilimia 5 hukatwa na kampuni yenyewe mteja anapotoa pesa. Mteja hatakiwi kuutuma mapema kwa nambari ya mtu binafsi.

Dalili ya pili ni bonasi yenye masharti yaliyofichwa. Bonasi ya Sh1,000 inayotakiwa kuchezwa mara 40 humlazimu mteja kuweka dau za jumla ya Sh40,000 kabla ya kutoa hata senti.

Ya tatu ni programu zinazouzwa katika WhatsApp na Telegram kwa madai kwamba zinatabiri ndege ya mchezo wa Aviator itatoweka lini. Anayejua siri hiyo hangeiuza kwa shilingi mia chache.

Ya nne ni kuombwa nambari ya siri ya M-Pesa. Hakuna kampuni halali inayoihitaji.

Ukishalaghaiwa

Hatua ya kwanza ni kuacha kutuma pesa, hata ukiahidiwa kwamba malipo ya mwisho yatafungua zile za awali. Hifadhi ujumbe wote wa M-Pesa, picha za tovuti na mazungumzo. Nambari ya tapeli hutumwa kwa Safaricom kupitia 333 bila malipo. Kituo cha polisi kitaandikisha malalamiko, na idara ya upelelezi DCI hupokea taarifa kwa nambari 0800 722 203, pia bila malipo. Kampuni ikiwa na leseni, mlalamikie mdhibiti kwa maandishi.

Mwishowe, uhalali wa kasino hauifanyi kuwa njia ya kujipatia riziki. Gurudumu la ruleti lenye nafasi 37 humlipa mshindi wa nambari moja 35 kwa 1. Kwa kila Sh100 zinazowekwa, kasino hubaki na takriban Sh2.70 kwa wastani. Orodha ya tahadhari humkinga mchezaji dhidi ya mwizi, lakini haimkingi dhidi ya hesabu hiyo.